Ng'ombe wa Korimon

Korimon aliingia uani na ng'ombe wake asubuhi ya ukungu, wakati Morjina amechuchumaa kwenye bomba la mkono akisugua sufuria kwa majivu. Mtoto mdogo, Mithu, alikuwa amemganda mgongoni. Barazani mama mkwe wake, Bi Sokhina, alikuwa analalamika kwamba chai imekuwa maji ya kunawia. Binti mkubwa, Jhorna, alikuwa anatafuta kiatu kimoja cha shule huku akimlaumu kila mtu isipokuwa nafsi yake. Kwa hiyo Korimon aliposema alichosema, Morjina alisikia nusu.

"Mama Jhorna, nishikie huyu mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ipi tena, si hii ya keshokutwa! Mtoto wa dada yangu mgonjwa, nakwenda kumtazama. Mkamue asubuhi na jioni. Maziwa kunyweni, mimi sina neno."

"Na mumeo je?"

"Mume wangu yuko anakokujua mwenyewe." Korimon alikuwa keshafunga kamba kwenye shina la mfenesi, na ndama keshaanza kutafuna ncha ya sari iliyoanikwa. Akaja akamshika Morjina mkono uliolowa majivu. "Shoga yangu, usije ukanichoka."

"Nimechoka na sufuria. Wewe nitakuchokaje?"

Korimon akacheka, akashika njia ya juu ya tuta, na ukungu ukammeza kabla hajafika kwenye kona.

Ijumaa ikaja, ikapita. Jumamosi Morjina alikwenda kugonga kwa Korimon, ng'ambo ya bwawa. Mlango una kufuli. Jikoni mna jivu baridi. Kamba ya nguo haina hata kitambaa. Alisimama pale amejishika kiuno, akajiambia kwamba yule mtoto huenda kazidiwa, akarudi kwake kuwahi kukamua.

Wanawake hawa wawili waliletwa kijijini Nolbari kama maharusi mwaka mmoja, na tangu hapo walikuwa wakiazimana chumvi, pilipili na vilio. Hata simu waliazimana. Ya Morjina ilikuwa mbovu, betri imefungwa kwa mpira, kwa hiyo mumewe, Taijul, aliyekuwa akiendesha riksho kule Dhaka, alizoea kupiga ya Korimon. Korimon angesimama ukingoni mwa bwawa apige ukelele, "Mama Jhorna, bwana wako huyo, njoo kabla salio halijaisha!" Na Morjina angekimbia na unga mikononi.

Walishirikiana katika madeni pia. Nolbari, mtu asiye na mkopo huulizwa kama anaumwa. Morjina alikopa ili waezeke nyumba mpya baada ya mto kuila ile ya kwanza. Korimon alikopa ili mumewe, Abed Ali, anunue bajaji. Pesa ilikwenda, bajaji haikuja. Abed Ali akaenda kuoa mke wa pili, akamweka mjini Bogura. Korimon akabaki na marejesho, taka, ndiyo pesa ya kwao, mia saba na hamsini kila Jumanne. Walikuwa kikundi cha wanawake watano chini ya Hamida, mwenyekiti wao, na sharti lilikuwa moja: mmoja akikosa, wanne wamlipie.

Jumanne iliyofuata wakakusanyika uani kwa Hamida. Afisa mikopo, kijana mmoja aitwaye Anisur, aliegesha pikipiki yake, akasalimia kila mtu kwa heshima, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Ule upole wake ndio uliokuwa ukiwatisha. Hajawahi kumfokea mtu. Kazi yake ni kuketi tu.

"Dada Korimon yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hakuna shida. Nitasubiri."

Akasubiri. Jua likapanda. Watoto wakarudi kutoka shule na njaa zao, wakasimama mlangoni. Kila mwanamke pale alikuwa na chungu kinachomsubiri, na mzee, na mume, na Anisur alilijua hilo vizuri kuliko wao. Mwishowe Hamida akakohoa.

"Hivi, ng'ombe wa Korimon yuko kwa nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Morjina.

"Mimi kanipa nimshikie tu," alisema.

"Maziwa hunywi?"

"Nakunywa, lakini mwenyewe alisema..."

"Basi toa pesa, mwenzetu, twende tukapike."

Alitoa. Ilikuwa pesa ya dawa ya pumu ya Bi Sokhina, imefungwa kwenye ncha ya sari. Njiani kurudi nyumbani alijaribu kujieleza mwenyewe alichokifanya. Amelipa deni la Korimon kwa sababu ana ng'ombe wa Korimon. Lakini ng'ombe si wake. Basi na deni si lake. Lakini amelilipa. Alifika nyumbani hajapata mwisho wa hesabu hiyo, akakuta Mithu kala udongo.

Kuanzia hapo Morjina alikuwa na nyumba moja na nusu. Akiamka anakamua, ndipo anateka maji, anamsuka Jhorna nywele, anamwosha Mithu, anamkanda Bi Sokhina mgongo, anapika. Ndama naye alikuwa na tabia ya kupotea kila wali unapokaribia kuiva. Mchana anakwenda na mundu ukingoni mwa mto kukata majani, na majani ya kiangazi ni ya kubembeleza, unakata bua hapa na bua kule. Kila siku lita mbili za maziwa alimpelekea Mokhles wa duka la chai. Pesa ya maziwa, ukitoa pumba, ilikaribiana na rejesho la Korimon. Wiki nyingine inatosha, wiki nyingine inapungua naye anajazia.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Hamida alisema auze ng'ombe alipe deni lote liishe. Mokhles alisema asiuze, maziwa yamemletea wateja. Imamu wa msikitini alisimama njiani, mikono nyuma, akamweleza taratibu kwamba ng'ombe yule ni amana na maziwa ni ya mwenyewe, ila gharama ya chakula chake ana haki ya kuikata.

"Na majani ninayokata mimi kwa mkono wangu, Maulana?"

"Hayo ni thawabu zako, mama."

"Jumanne nimpe Anisur thawabu?"

Imamu akacheka, akaendelea na safari yake.

Taijul ndiye aliyemchanganya zaidi. Simu mbovu ilipokubali kuwaka, alimweleza kisa chote, na mumewe akasema papo hapo, "Muuze. Unalea ng'ombe wa watu wewe ni nani?" Morjina akaanza kuulizia bei. Wiki haijaisha Taijul akapiga tena.

"Nasikia unamtembeza ng'ombe wa watu sokoni! Usithubutu kumgusa."

"Si wewe uliyesema nimuuze?"

"Mimi? Lini?"

"Baba Jhorna, ulisema kwa mdomo wako."

"Basi nilikuwa na homa. Sikiliza, nitatuma pesa. Wewe mtunze tu ng'ombe."

Na pesa kweli ikaja. Mwanzo wa mwezi, kwa wakala wa sokoni, taka elfu tatu kavu. Taijul, ambaye akituma elfu mbili kwa kuchelewa alitaka ashukuriwe hadi Jumamosi ya pili! Mwezi uliofuata, elfu tatu tena, na ule uliofuata vilevile. Morjina akanunua mchele wa gunia badala ya kupimiwa kibaba. Rejesho lake mwenyewe likaacha kumnyima usingizi. Bi Sokhina akapata dawa na maneno yake yakapungua makali.

Kwa furaha mdomo ukamfunguka. "Mwenzenu nina mume," alimwambia Hamida mbele ya watu bombani. "Yule mwizi wa mchana aliniachia deni na kinyesi cha ng'ombe, akaenda zake kustarehe. Lakini mume wangu kanibeba, na mimi nimembeba Korimon." Wanawake wakatikisa vichwa, wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Sifa zile zilimkaa vizuri. Akarudia maneno yale pengine, na pengine tena, kila mara akiongeza kidogo.

Siku moja alirudi kutoka kukata majani akamkuta Bi Sokhina ameshika simu mbali na sikio, kama anayeshika chura.

"Nani aliyepiga, mama?"

"Mwanamke. Korobi sijui, Sorobi. Nimemwambia sema kwa sauti, hapa majirani wote tupo, akakata."

"Alitaka nini?"

"Wauza dawa hao. Hawakosi."

Kabla ya mwezi wa Ramadhani, Abed Ali akajitokeza. Morjina alikuwa ukutani anabandika mikate ya kinyesi ikauke iwe kuni, mikono imemjaa hadi viwikoni. Abed Ali akaingia na mchuuzi mmoja wa ng'ombe mwenye fimbo, hata salamu hakutoa.

"Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Mali yako ipi?"

"Huyo. Mali ya mke ni ya mume."

"Na rejesho la mke?"

"Wewe mwanamke, usinichezee. Fungua kamba."

Kabla Morjina hajajibu, Bi Sokhina alishuka barazani, akakokota miguu hadi kwenye mfenesi, akajikalisha chini juu ya kamba ya ng'ombe, akakunja miguu vizuri kama aliyekuja mkekani.

"Ninyanyue, mwanangu, kama una nguvu," alisema. "Lakini nina pumu. Nikikufia mikononi, utanizika kwa gharama yako."

Hapo ndipo pikipiki ya Anisur ilipoingia uani. Jumanne ile Morjina alikuwa amechelewa kupeleka pesa, naye amemfuata. Akawatazama wote mmoja mmoja.

"Samahani. Huyu ndiye mume wa Dada Korimon?"

"Ndiye hasa," alisema Morjina.

Uso wa Anisur ukachanua. "Kaka, nimekutafuta mno. Karibu tukae." Akavuta kigoda kwa mkono wake mwenyewe.

Mchuuzi alikuwa wa kwanza kuondoka, akisema yeye hanunui ng'ombe mwenye deni, atakuja kudaiwa kwato. Abed Ali akasimama kidogo, akatazama kile kigoda, akatazama pikipiki, akasema atarudi na wazee na shahidi. Hakurudi.

Watu walicheka wiki nzima. Morjina naye alicheka, ila alipobaki peke yake alishindwa kujielewa. Kwa nini amempigania ng'ombe wa mtu anayemtukana kila siku? Angemwachia Abed Ali amchukue, angesema basi, kikundi kikamdai mume. Si ndiyo ingekuwa salama yake? Alimtazama ng'ombe, ng'ombe akacheua. Alikumbuka Korimon alivyokuwa akicheka akiwa amefunga macho. Kisha akakumbuka Jumanne, akasonya.

Ramadhani ikawa ya kukimbia. Daku, kukamua, majani kwa midomo mikavu, futari ya dengu na mchele wa kukaanga, sahani, Jumanne. Taijul alisema hatakuja Idi, nauli imepanda mara mbili, bora abaki kubeba abiria. Sauti yake ilikuwa ndogo. Morjina akasema sawa, akamshukuru kwa elfu tatu, na Taijul akaaga harakaharaka.

Siku ya Idi, baada ya watu kula, alikuja Moyna, binti wa kitongoji cha pili anayefanya kazi ya kushona kwenye kiwanda cha nguo kule Gazipur. Alikuwa amevaa viatu vya visigino vilivyokuwa vikizama kwenye matope. Akala sahani ya tambi tamu, akamsifu Mithu kwamba kanenepa, halafu akasogea karibu.

"Dada, Korimon anakusalimu."

Morjina aliweka chini kijiko. "Korimon gani?"

"Korimon wako! Tunakaa chumba kimoja. Yupo kiwandani tangu alipotoka hapa. Hakutaka mtu ajue kwa sababu ya yule mumewe. Anauliza, zile elfu tatu zinakufikia salama?"

"Elfu tatu zipi?"

"Anazotuma kila mwezi. Za rejesho lake. Anapitishia kwa Shemeji Taijul. Kuna siku alikupigia mwenyewe akapokea bibi akaanza kumtangaza, akaogopa kurudia. Namba ya shemeji ndiyo alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Shemeji kasema unazipokea." Moyna akamtazama. "Huzipokei?"

"Nazipokea," alisema Morjina, na kweli alikuwa akizipokea.

Moyna alipoondoka, Morjina aliketi palepale mkekani katikati ya sahani chafu. Jambo lilimjia vipande vipande na kila kipande kilikataa kukaa na mwenzake. Zile elfu tatu si za Taijul. Basi Taijul hajatuma kitu tangu baridi. Basi yeye anakula nini? Na kwa nini mume wake apokee pesa ya mwanamke mwingine kimyakimya? Mwanamke aliyekuwa na namba yake kichwani! Moto ukampanda kifuani. Akamwona Taijul na Korimon huko mjini, wamekaa, wanamcheka. Kisha moto ukashuka, kwani mtu anayeibiwa mume hatumiwi pesa. Au hutumiwa? Aliwahi kusikia habari za namna hiyo.

Alimwuliza Bi Sokhina. "Mama, mwanao anaweza kuwa na mwanamke?"

"Taijul?" Bi Sokhina alicheka mpaka pumu ikamkamata. "Yule hata wewe tulimtafutia."

Kibaya zaidi kilikuja baadaye, wakati anakamua. Rejesho la Korimon lililipwa na maziwa ya ng'ombe wa Korimon. Elfu tatu za Korimon zilikuwa mchele wake, dawa ya mama mkwe, rejesho lake yeye Morjina. Miezi yote hiyo amesimama bombani akihubiri jinsi anavyombeba Korimon. Nani alikuwa mgongoni mwa nani? Akaacha kukamua, na ng'ombe akageuka kumtazama kwa nini amesita.

Alipiga simu ya Taijul siku ile, na ya pili, na ya tatu. Haipatikani.

Siku ya nne Taijul aliletwa na mkokoteni wa sokoni. Mwanzoni Morjina hakumtambua. Shati lilikuwa linaning'inia kama limetundikwa ukutani, na macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Alishuka taratibu, akashikilia mfenesi. Jhorna alianza kumkimbilia, katikati akasimama.

Morjina alikuwa ameandaa maneno siku tatu. Alikuwa ameyapanga, ya kwanza makali, ya pili makali zaidi. Yote yakamkimbia. Alichosema ni, "Umekula?"

"Sijala."

Akampakulia wali na mchuzi mwepesi, akamkalia mbele, akimtazama anavyotafuna. Alitaka kumpiga kwa mwiko na alitaka kumlaza. Hakujua aanze na lipi, kwa hiyo alimwongezea wali.

"Ilinianza baridini," Taijul alisema bila kuinua uso. "Homa, halafu manjano. Mwenye riksho akachukua riksho yake. Wenzangu wa chumba ndio walionilisha. Nilisema wiki hii nitapona, wiki ijayo nitapona. Korimon akapiga. Akasema mpe Mama Jhorna hizi za rejesho, usimwambie mtu niko wapi. Nikasema sawa. Mwezi wa kwanza nilitaka kukwambia ni zake."

"Kisha?"

"Kisha ukanishukuru." Akameza. "Ulinishukuru vizuri mno, Mama Jhorna. Sikuweza kurudi nyuma."

"Ungesema unaumwa!"

"Ungefanya nini? Ungeuza ng'ombe wa watu unitibu?"

Ndiyo, angemuuza. Jambo hilo lilimjia wazi kabisa, na likamchanganya kuliko mengine yote. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Namba ya Korimon aliipata kwa Moyna. Alikwenda kupigia juu ya tuta, mbali na masikio ya Bi Sokhina, Mithu akiwa kiunoni.

"Korimon."

"Mama Jhorna!" Nyuma yake mashine zilikuwa zinaunguruma. "Mbona sauti imekuwa hivyo? Ng'ombe kafa?"

"Ng'ombe mzima." Akamweleza yote, Taijul, manjano, zile elfu tatu, maziwa. "Nimekutukana kijiji kizima," Morjina akamalizia.

"Najua. Moyna kaniambia. Mpaka lile la kinyesi."

"Lile la kinyesi lilikuwa kweli."

Upande wa pili ukatoka mlio, na Morjina hakujua kama mwenzake analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

"Nilikasirika sana, ujue," Korimon alisema alipotulia. "Nilisema, afadhali ng'ombe angenilipa fadhila kuliko shoga yangu. Halafu nikakumbuka sikukuaga. Nilikudanganya habari za Ijumaa. Ningekwambia ukweli, ungenizuia."

"Ningekuzuia."

"Eeh."

"Sasa nani anamdai nani?"

Walijaribu. Walihesabu zile elfu tatu, maziwa ya Mokhles, pumba, wiki alizojazia Morjina mwanzoni, pesa ya dawa. Walipofika kwenye majani wakakwama. Korimon alisema majani ni kazi, yalipwe. Morjina alisema imamu kasema ni thawabu. Korimon akasema basi imamu aje akate. Salio likawa linakwisha.

"Usitume tena," Morjina alisema harakaharaka.

"Nisipotuma mtakula nini? Huyo mgonjwa ataendesha nini?"

"Basi zitakuwa ni nini hizo? Mkopo? Sadaka?"

"Zitakuwa ni elfu tatu," alisema Korimon, na simu ikakata.

Aliendelea kutuma, safari hii kwa jina la Morjina. Morjina alizipokea kila mwezi na kila mwezi hakujua azipokee kwa uso gani. Bombani alisimama mbele ya wanawake wale wale akasema, "Maneno niliyosema juu ya Korimon hayakuwa hivyo." Hamida akauliza yalikuwaje basi. Morjina akaanza kueleza, akafika kwenye manjano ya mumewe, akaona aibu kwa niaba yake, akaishia katikati. Wengine waliondoka wakiamini kwamba Taijul na Korimon wana jambo. Wengine waliamini Morjina ndiye aliyemtuma Korimon mjini tangu mwanzo, kwa ujanja.

Taijul hakurudi Dhaka mwaka ule. Daktari alimkataza kazi nzito, kwa hiyo alibaki nyumbani, na taratibu kazi nyepesi zikaanza kumfuata. Alianza kwa kumbembeleza Mithu. Akaja kumenya vitunguu. Siku mkewe alipochelewa mtoni, alikamua mwenyewe, na Mokhles alipomwona ameshika ndoo ya maziwa akapaza sauti, "Mama Jhorna mpya huyo!" Duka zima likacheka. Taijul akaweka ndoo chini, akasema, "Leo maziwa ni ghali, yamekamuliwa na mwanaume," akatia pesa mfukoni. Morjina aliposikia kisa hicho hakujua kama amwonee huruma au ajivune. Yeye sasa aliweza kwenda vibarua vya kuvuna mahindi kwenye visiwa vya mchanga, na jioni akirudi anakuta moto umewashwa. Hakuwahi kukuta moto umewashwa tangu aolewe. Siku za mwanzo alikuwa anauzima na kuuwasha upya, bila kujua kwa nini.

Mvua zilipokuwa zinakatika, deni la Korimon likaisha. Anisur alitangaza uani kwa Hamida, amesimama kwa adabu.

"Akina mama, ofisi imefurahi. Katika kikundi chote kuna mwanachama mmoja ambaye hajakosa hata wiki moja tangu mwaka uanze. Ofisi inataka kumwongezea mkopo, mara mbili ya ule wa kwanza."

"Nani huyo?" aliuliza Hamida, akijiweka sawa sari begani.

"Dada Korimon."

Anisur akawatazama kwa zamu, akisubiri wafurahi. "Sasa mwambieni aje tu atie sahihi."

Morjina alihisi kicheko kinampanda. Alijifunika mdomo kwa ncha ya sari, lakini kilipita, na akacheka mpaka machozi, mpaka Hamida akamgonga mgongoni, mpaka Anisur akauliza kama dada anaumwa. Rejesho lake yeye, lililobaki la miezi mingi, alilipa akiwa bado anafuta macho, akaaga, akashika njia ya nyumbani.

Taijul alikuwa jikoni, ameinamia chungu, moshi umemjaa.

"Wali umeshika chini kidogo," alisema. "Nilikuwa namfuata ndama. Unacheka nini?"

Morjina akaketi kwenye kigoda, akafungua mdomo ili amweleze. Akaona itabidi aanzie mbali sana, na kule mbali kwenyewe hana uhakika ni wapi.

"Pakua tu," alisema. "Nina njaa."